Kaske Inayokula Kelele

Lubumbashi, tarehe 11 Februari 2024

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya Ngendakumana,

Nakusalimia wewe, mke wako Generose, watoto na majirani wote wa hapo Kilibula. Sisi huku tu wazima, ikiwa mtu anayeamka amechoka anaweza kuitwa mzima. Mvua haijatuacha. Mashuka ya hoteli hayakauki, na sisi wa chumba cha kufulia tunafokewa kila siku kana kwamba jua tumelificha sisi. Miguu yangu inavimba jioni. Mengine ni ya kawaida.

Sasa habari yenyewe. Binti yangu Délice ameombwa uchumba. Kijana anaitwa Ishema, kwao ni milima ya juu ya Uvira, Waprotestanti, lakini wanaishi hapa Lubumbashi tangu zamani. Anatengeneza kompyuta, ni mpole, na akija hapa anasaidia kuosha vyombo bila kuambiwa. Sherehe ya kuleta mahari tumeiweka tarehe 24 Agosti. Atakayesema upande wao ni mzee Twagirayezu. Jina hilo unalijua. Ni yule anayeongea taratibu, sauti chini, kila neno lina mtego ndani yake, na usipomjibu papo hapo unatozwa faini mbele ya watu. Wao hawanywi pombe, kwa hiyo faini yao ni kreti za sukre, soda hizi, lakini aibu ni ileile.

Msemaji wetu ni wewe. Sikuulizi, nakuambia. Kule Luberizi, kabla hujahamia mjini, watu walikuwa wanaahirisha sherehe wakisikia kwamba hauko. Na unajua binti ambaye kwao hawakupata mtu wa kumsemea anavyotoka nyumbani. Anatoka kama mtu asiye na kwao, na wakwe hawasahau. Hilo sitaki kuliona kwa Délice.

Najua utasema ni safari. Mara ya mwisho ulipanda meli mpaka Kalemie, wakakulaza karibu na injini, ukafika kichwa kinalia na hutaki kuongea na mtu. Safari hii kuna meli hiyohiyo, halafu kutoka Kalemie kuna ndege ndogo inayonguruma kuliko meli. Nimepata dawa yake. Wageni wa migodi wanaokuja hapa hotelini hushuka kwenye ndege wamevaa kaske, zile za kufunika masikio, lakini si za muziki tu. Zinakula kelele. Mgeni mmoja alinivalisha yake nikiwa katikati ya mashine za kufulia. Niliona mashine zinatikisika, sauti imekwenda. Yaya, nilitaka kulia. Nilimrudishia haraka kabla sijamwomba aniachie.

Basi nitakutafutia moja, ufike masikio yamepumzika. Na nipigie simu. Mimi nimekupigia mara nyingi, kila mara anapokea Generose: "Iko ku moulin, Mama Délice. Atakuita." Mpaka leo hujaniita, kana kwamba kinu hicho hakilali.

Mdogo wako,
Georgette


Kilibula, Uvira, 17 Machi 2024

Georgette mdogo wangu,

Yezu akuzwe. Barua yako imefika kwa mkono wa Thaddée wa meli. Ilikuwa imekaa na mizigo ya ndagala, hawa dagaa wa ziwani, tumeianika kwanza ndipo tukaisoma. Sisi tupo. Ziwa limepanda tena, watu wa Mulongwe wa karibu na maji wameanza kuinua vitanda juu ya matofali. Kwetu huku juu bado. Generose anakusalimia sana. Moulin inasaga mihogo kutoka asubuhi mpaka mafuta ya mazutu yanapoisha, mkanda umekatika tena juzi. Nimezeeka pembeni ya mashine hiyo, Georgette, na yenyewe haizeeki.

Nimefurahi kwa ajili ya Délice. Kijana anayeosha vyombo ni kijana wa kushika.

Kuhusu kusema, ufikirie vizuri. Ndayiragije, mtoto wa baba mdogo, yuko Kalemie, hayuko mbali na wewe kama sisi, na siku hizi anasifiwa. Maneno yangu ni ya zamani. Halafu kwa desturi msemaji hutoka upande wa baba wa binti. Mume wako Rénovat na ndugu zake wanasemaje?

Kuhusu simu, rezo ya huku unaijua, inakatika kila saa. Mambo ya namna hii yanafaa karatasi.

Kwa kaske nakushukuru. Nauliza kidogo tu: je, kuna inayofanya kinyume chake? Yaani, badala ya kuondoa sauti, inakuletea sauti ya mtu aliye mbele yako? Nauliza kwa kutaka kujua.

Kaka yako,
Ngendakumana


Lubumbashi, 9 Aprili 2024

Yaya,

Pasaka njema, hata kama imeshapita. Délice anakusalimia na Ishema pia, ingawa hamjaonana. Mwenye nyumba ametuambia tuhame chumba cha nyuma, nimekataa, tunaendelea kutazamana.

Barua yako nimeisoma mara mbili na nimekasirika mara mbili. Ndayiragije? Ndayiragije hunywa kabla ya kusema, na akishasema hunywa tena, na Twagirayezu atamkunja mchana kweupe. Watu wa Rénovat wamekubali useme wewe. Hilo limekwisha.

Jumamosi nilizunguka maduka ya mjini na miguu yangu hii. Nimejifunza mengi. Kuna kaske ndogo za kuingiza ndani ya tundu la sikio; zinapotea, na wewe hata funguo za moulin unazitafuta kila siku. Kuna zinazokaa juu ya sikio. Baada ya saa moja sikio linauma. Kuna kubwa zinazofunika sikio lote, hizo ndizo za safari. Muuzaji aliniambia: "Mama, hii ukivaa, hata mototo akilia kando yako, hauko na sikia. Ndege inakuwa sawa na chumba cha kulala." Nikamwambia huyo mtoto ni wangu, lazima nimsikie. Akacheka. Mimi nilikuwa sichezi.

Lakini alisema ukivaa miwani, mkono wa miwani unainua ule mto wa sikio na kelele inapita hapo. Je, umeanza kuvaa miwani? Na kichwa chako bado ni kile kikubwa cha baba? Nijibu hayo mawili tu.

Swali lako la kinyume nimemuuliza muuzaji kwa sababu ulilileta. Alisema zile mpya kabisa zina kidude unabonyeza, ukitaka kumsikia anayekuletea chai ndani ya ndege. Hizo hatuziwezi. Wewe utakunywa chai yako kimya.

Jana nilipiga tena. Generose alipokea na kupiga kelele mpaka nikaweka simu mbali na uso. Yule mwanamke anaongea siku zote kama anamwita mtu wa ng'ambo ya mto. Tangu lini amekuwa hivyo? Alipoolewa alikuwa na sauti ya kitoto. Sitaki ugomvi na wifi yangu, lakini mwambie nasikia.

Georgette


Kilibula, 20 Mei 2024

Mdogo wangu,

Tunakusalimia. Samahani kwa kukawia. Maji yaliingia Mulongwe kwelikweli, soko limesogea, tumekaribisha ndugu zake Generose na vitu vyao vyote, kwa hiyo hapa ndani mtu anakanyaga sufuria akienda kulala. Thaddée naye hakupata meli kwa wiki kadhaa.

Miwani sivai. Kichwa ni kilekile.

Generose nimemwambia. Alikwenda kuchambua mboga zake za lengalenga.

Hukuniambia Rénovat mwenyewe anasemaje. Uliniambia watu wake. Nakuuliza kama kaka yako.

Na Twagirayezu, bado anaongea chini vilevile? Nilifikiri uzee ungempandisha sauti.

Ngendakumana


Lubumbashi, 2 Juni 2024

Yaya Ngendakumana,

Poleni na maji. Nimesikia kwa wengine kabla ya barua yako, nikawaza sana. Mwambie Generose awape wale ndugu zake blanketi nililomletea, asilifungie sandukuni. Huku baridi ya Juni imeingia, asubuhi maji ya kufulia yanakata vidole.

Kaske nimepata. Ni kubwa, nyeusi, imeshatumika, lakini mito yake bado laini. Haina kuchaji, inakula jiwe moja dogo la betri, lile la rimoti ya televisheni, linaingia upande wa kulia. Nimechagua hiyo makusudi, umeme wenu naujua na mawe yanauzwa kila mahali. Dukani ilijaribiwa mbele yangu. Muuzaji alinivalisha na kuwasha jenereta, nikaona tu mdomo wake unachezacheza. Nilisimama hapo kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Nilikuwa nimetoka zamu.

Itafika kwa mkono wa Thaddée pamoja na shati lako jeupe la sherehe. Ivae kwanza kwenye moulin, halafu sokoni, uzoee kabla ya safari. Kisha uniandikie kama inafanya kazi, kwa sababu ikiwa haifai muuzaji amekubali kubadilisha, ila ni kabla ya Agosti.

Délice ameanza kuuliza kila siku: "Mujomba atakuya kweli?" Namwambia ndiyo. Kati ya mambo yote ninayomwambia mtoto huyu, hilo ndilo pekee ninalolisema bila kusita.

Georgette


Kilibula, 23 Juni 2024

Georgette,

Yezu akuzwe. Kifurushi kimefika salama, hakuna kilichokosekana. Shati linanitosha. Ndugu za Generose wamerudi kwao kupanguza matope, nyumba imepata nafasi.

Kaske ni nzuri sana. Sikufungua wala kugusa chochote, niliivaa jinsi ilivyokuja. Niliivaa kwenye moulin wakati mashine inasaga: kimya kabisa. Niliivaa kwenye soko la Mulongwe, wanawake wanaita bei za samaki wa mukeke, sikusikia kitu. Nilipita hata karibu na wale vijana wanaouza simu na vipaza sauti vyao. Kimya. Ni kitu cha ajabu, wazungu wamefanya kazi. Usihangaike kuibadilisha.

Juu ya kusema, bado nafikiri umwandikie Ndayiragije, awe tayari kama mimi nitapata malaria au jambo lingine.

Ngendakumana


Lubumbashi, 7 Julai 2024

Yaya wangu,

Leo sianzi na salamu nyingi. Sisi tu wazima, na nyinyi nawaombea.

Jana nilikuwa natafuta kitambaa kwenye mkoba wangu wa dukani. Chini kabisa nimekuta jiwe dogo la rimoti. Nikakaa kitandani nimelishika. Muuzaji alilitoa kwenye kaske baada ya kujaribu, ili lisimwage maji yake njiani, akaniambia nilifunge pembeni. Nikasema ndiyo, ndiyo, nikalitia kwenye mkoba, nikasahau. Kaske iliondoka hapa tupu.

Ikiwa na jiwe, inawaka taa ndogo ya kijani pembeni. Wewe hukuniambia habari ya taa. Uliniambia hukugusa chochote. Bila jiwe, kaske hiyo ni mito miwili ya sponji. Mimi mwenyewe niliivaa hivyo dukani kabla hajaiwasha, na jenereta niliisikia mpaka kwenye meno.

Yaya, wewe umesimama pembeni ya moulin na sponji masikioni, ukasikia kimya kabisa.

Nimesoma barua zako zote tena usiku kucha nikiwa na mawazo haya. Simu usizoshika. Swali lako la kaske ya kinyume, uliloniuliza, nami nikalifanya mchezo wa chai. Sauti ya Twagirayezu. Na Generose. Mimi nimekaa huku nikimsema kwamba anapiga kelele, kumbe yule mwanamke anaishi na wewe. Mwombe anisamehe. Hapana, nitamwomba mwenyewe, na atasikia, yeye anasikia.

Ni tangu lini? Kwa nini mimi hukuniambia, mimi niliyelala na wewe mkeka mmoja?

Sasa na mimi niseme, nisije nikawa nakudai ukweli nikiwa na wangu mfukoni. Rénovat hayupo. Alikwenda Kolwezi mwaka juzi, ana mwanamke huko na mtoto. Ndugu zake nimewafuata, wamesema mambo ya Délice hayawahusu. Hakuna watu wa Rénovat waliokubali chochote. Watu wa Ishema wanafikiri baba yuko kazini na atakuja. Ukiniuliza kwa nini nilikuficha, ni kwa sababu nilichoka kulisema hata kwa padri, na wewe ulikuwa mtu mmoja aliyebaki ambaye kwake nilikuwa bado na mume.

Kwa hiyo Ndayiragije usinitajie. Siku ile kwenye viti vya mbele hakuna mtu wetu isipokuwa wewe. Kama huwezi, niandikie huwezi, nimwambie Délice mapema. Lakini andika kweli.

Georgette wako


Kilibula, 21 Julai 2024

Georgette, mtoto wa mama yangu,

Nimekusoma. Pole ya Rénovat. Kama ungeniambia ningekutumia hata maneno tu. Sitamsema vibaya leo, nitamsema siku nyingine nikiwa na nguvu.

Nilinunua jiwe. Nilikaa mbele ya nyumba, watoto wanacheza kando yangu, Generose anatwanga. Nikaliweka, taa ya kijani ikawaka. Kale kasauti kadogo nilikokuwa bado nakasikia kakaondoka. Watoto, mchi, barabara, vyote. Nikabaki na moulin. Inasaga, inasaga, mkanda unapiga upande mmoja kama siku zote. Niligeuka kuangalia. Moulin ilikuwa imezimwa tangu juzi, hatuna mazutu.

Basi ndiyo hivyo. Sikio la kushoto halipo. La kulia linachukua mtu akiwa karibu na akisema kwa nguvu. Ilianza polepole, siwezi kukuambia ni mwaka gani. Kanisani napiga magoti nikiona wenzangu wamepiga. Huku Kilibula wanasema nimekuwa na kiburi, kwamba siitikii salamu. Nimewaacha waseme, kiburi kina heshima kuliko hili. Pasaka ya mwaka jana watu wa Luberizi waliniita kusema kwenye sherehe, nikawatumia neno kwamba nina malaria. Malaria sikuwa nayo. Nilikaa ndani siku mbili ili nionekane mgonjwa, nikaugua kweli kwa huzuni.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu hicho ndicho kitu nilichokuwa nacho. Wewe ulipata mji, mimi nilipata moulin na kusema mbele ya watu. Moulin imekula kile kingine.

Nilimwambia Generose nakuandikia kwamba siwezi. Alinichukua karatasi. Alisema, na majirani wote walisikia: "Weye uliniambia mambo yote ya nyumba hii nikamate minye. Nilikuwa nakupokelea simu, nilikuwa nakupokelea salamu, hata padri akikuuliza minye ndiyo nilikuwa namujibu. Sasa na ile ya Délice, ni nani atakusikilizia?" Nikamwambia mwanamke hakai kwenye viti vya mbele vya wasemaji. Akasema: "Na kiziwi anakaa?"

Nilimwomba anirudishie karatasi. Mimi, msemaji.

Kwa hiyo tunakuja wawili. Thaddée ametuandikia nafasi kwenye meli ya katikati ya Agosti. Twagirayezu ataongea chini kama anavyopenda, Generose atanirudilia maneno yake kwenye sikio la kulia kwa sauti yake ile, na kila mtu uwanjani atasikia kwamba Ngendakumana hasikii. Nimelifikiria hilo sana. Wasikie. Akimaliza kunirudilia, hapo ni zamu yangu, na hapo mdomo wangu bado upo. Uwaambie mapema watu wa Ishema habari zote mbili, yangu na ya Rénovat, siku ileile, tumalize aibu kwa mkupuo.

Kaske ataivaa Generose, kwenye meli na kwenye ndege, njia yote. Masikio ya kufika yamepumzika ni yake. Wewe panga viti viwili mbele.

Kaka yako,
Ngendakumana